Tulivyoifuata Kadi ya Baba Kariakoo

Tangu turudi, kila anayeingia dukani kwangu kutoa kopi ananiuliza swali lilelile kabla hata hajatoa karatasi yake mfukoni: ni kweli nilimpandisha baba yangu basi mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya gemu? Nimelijibu nusunusu mara nyingi, mashine ikinguruma na watu wamepanga foleni, na nusu hizo zimeanza kunirudia zikiwa hadithi nyingine kabisa. Juzi nimesikia eti tulikwenda kuinunulia kompyuta moyo. Basi Jumapili hii baada ya misa nimefunga mlango, nimekaa, naandika ilivyokuwa.

Kwa asiyetujua, mimi ni Leonsia, mwenye steshenari ndogo nyuma ya soko hapa Sumbawanga. Baba yangu ni Oswadi. Ameendesha malori zaidi ya miaka thelathini, tangu barabara ya Tunduma ilipokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Ulimi ulirudi, mkono ulirudi, mguu wa kushoto haukurudi. Akawa anashinda dukani kwangu kwenye kiti cha plastiki. Mteja akimwamkia anaitikia marahaba, kisha anarudi kwenye ukimya wake.

Mwaka jana nikamwekea gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta ya pili, ile isiyo na kazi nyingi. Wiki ya kwanza alikuwa anaitazama tu. Wiki ya pili akaanza kuniambia makosa yake, kwamba kona ile huwezi kuiingia na gia ya tano ukiwa na mzigo. Wiki ya tatu alikuwa anaendesha mwenyewe kwa kibodi, akiongea tangu ninapofungua duka mpaka ninapofunga.

Shida ilikuwa picha. Kompyuta ile ilitengenezwa kwa barua za ofisini. Lori likikaribia mji, picha inakatikakatika, lori linaruka kama panzi, na Baba anagonga ukuta ambao hakuuona. Alianza kuacha. Anaendesha dakika kumi, anasukuma kibodi pembeni, anarudi kwenye kiti chake. Nikauliza mafundi, wakaniambia inahitajika kadi ya picha, kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta kuisaidia kuchora kinachoonekana kwenye skrini. Sumbawanga sikuipata. Mbeya waliniambia wanaagiza Dar. Na Dar bei zilikuwa zinapanda kila wiki. Chipu za kumbukumbu, nilielezwa, zinakombwa na makampuni makubwa yanayojenga mitambo ya akili unde, na sisi wadogo tunabaki kugombea makombo.

Nilikuwa na laki nne na nusu, pesa ya mahindi. Muuzaji mmoja wa Kariakoo, ambaye kila asubuhi alikuwa anatangaza bidhaa zake kwenye simu, alikuwa na kadi ya mtumba ya gigabaiti nane kwa laki tatu na themanini. Akaniahidi kuniwekea siku tatu. Mimi nilitaka kutuma pesa aipakie kwenye basi. Baba akakataa.

"Chombo unakinunua umekiona kikifanya kazi," alisema. "Na wa kukijaribu ni mimi. Tutakwenda wote."

Nauli nikaitoa kwenye pesa ya duka. Baba hakuwa ametoka nje ya mji tangu augue. Wengine wenu mliniambia nimechanganyikiwa, na siku ile nilipokuwa namfunga kamba za viatu niliona huenda mnasema kweli.

Sumbawanga hadi Laela

Mnajua baridi yetu ya alfajiri. Baba alivaa koti lake la ngozi la zamani na kofia ya sufu, akataka kiti cha mbele upande wa dirisha ili aione barabara. Nilikuwa nimefunga viazi vya kuchemsha, mayai, na samaki wa Ziwa Tanganyika, migebuka mitatu ya kukaushwa, ambayo kabla hatujatoka mjini ilikuwa imeshajitambulisha kwa basi zima.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Laela aliyekuwa anarudi kwake na madebe matupu. Baada ya salamu akamuuliza Baba tunakokwenda. Baba akamwambia tunakwenda Dar kufuata kadi. Mama akashangaa, kwani kadi si zinachapishwa hata Sumbawanga? Baba akamjibu kwamba ya namna hii Sumbawanga haipo, hii ni kadi ya picha. Nikaona uso wa yule mama unachanua. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akauliza kama ni kadi ya huyu binti, na Baba, ambaye alikuwa anafikiria kompyuta yangu, akasema ndiyo, ya binti.

Kigelegele kilichopigwa hapo kilimwamsha dereva wa pili. Abiria wa nyuma wakaanza kuuliza, na jibu likasafiri kiti kwa kiti: mzee anaoza binti, kadi zinatoka Dar, zina picha. Kondakta akaniuliza bwana harusi ni wa wapi. Nikafungua mdomo, Baba akanigusa goti ninyamaze. Kwa furaha akaendelea kumweleza mama yule kwamba kadi hiyo inatoa rangi zote na ina feni mbili. Mama akasema watu wa Dar kweli wana pesa.

Aliposhuka Laela alimwachia Baba mfuko wa karanga mbichi, za kuwapokelea wakwe. Nilitaka kumfuata nimwambie ukweli. Baba akanizuia, akasema nikimrekebisha sasa mbele ya basi zima nitamwaibisha, na yeye ametoa kwa moyo. Kwa hiyo kama yupo mtu wa Laela anasoma hapa, naomba amfikishie mama huyo kwamba karanga tulizila, zilikuwa tamu, na bwana harusi bado.

Tunduma

Kabla ya kuingia Tunduma tukasimama. Lori moja lilikuwa limeharibika na kukaa mshazari katikati ya barabara, na nyuma yake malori yamepangana kwa kadiri jicho linavyoona. Kondakta akasema nusu saa. Watu wazima tukajua ni saa mbili.

Nikafungua simu. Muuzaji wetu alikuwa ameshatoa tangazo la asubuhi: kadi ileile sasa laki nne. Nikamwandikia kumkumbusha ahadi yetu, akanijibu kwa alama ya dole gumba. Nilisimama kando ya barabara nikilitafakari dole gumba hilo, na nilipogeuka Baba hakuwepo.

Nilimtafuta kwenye vibanda vya chai, nikamtafuta kwenye choo cha kulipia, nikauliza wauza machungwa kama wamemwona mzee anayeburuta mguu. Wakati huo lile lori bovu likaanza kuvutwa, na dereva wetu akapiga honi. Nikakimbia sambamba na foleni ya malori nikiita, na kwenye lori la sita au la saba nikaiona kofia ya sufu, juu, kwenye kiti cha dereva.

Mwenye lori alikuwa Mkongomani, mtu mnene mpole, aliyekuwa anasubiri kuvuka mpaka kwa siku ya nne. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango kama mtu anayemlinda mgonjwa. Akaniambia kwa sauti ya chini nisimharakishe. Ndani, Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na anautazama mguu wake wa kushoto uliokuwa juu ya klachi. Nikaona paja linatetemeka. Klachi haikwenda hata inchi.

"Mguu umekataa," akasema bila kunitazama. Akakaa kidogo. Kisha akashika rungu la gia, akaliweka kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu, injini ikiwa imezimwa. "Lakini mkono unakumbuka."

Yule Mkongomani akamsaidia kushuka. Alimwambia, "Papa, dereva ni dereva," akampa mkono. Tulirudi kwenye basi kwa mwendo wa Baba, na kondakta, ambaye alikuwa ameshajiandaa kutufokea, aliutazama uso wa Baba akatupisha tu mlangoni. Mpaka Mlowo Baba alitazama dirishani tu. Nilikuwa namchukia yule mtu wa dole gumba kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kana kwamba yeye ndiye aliyeuharibu mguu ule. Nikaapa moyoni kwamba sirudi Sumbawanga bila kadi.

Mbeya tulikula wali na ndizi kwenye kibanda cha jirani na stendi, tukalala gesti. Baba alilalamikia chai kwamba ina maji mengi. Nilipomsikia akilalamika nilijua amerudi.

Mbeya hadi Dar es Salaam

Siku ya pili ndiyo mnayoisikia sana mitaani, na mnaisimulia vibaya. Baba hakulisimamisha basi kwa nguvu. Ilikuwa hivi.

Makambako bei ilikuwa imefika laki nne na ishirini. Mafinga muuzaji akaacha kujibu. Nilikuwa nimeinama kwenye simu tulipotoka Iringa, kwa hiyo sikuona Baba alipoanza kugeuzageuza kichwa. Alivua kofia, akatega sikio. Kisha akaniambia kuna upepo unavuja, upepo wa breki, kila dereva anapokanyaga breki kuna sauti inabaki nyuma ambayo haitakiwi kubaki. Mimi sikusikia kitu zaidi ya muziki wa basi.

Akamwita kondakta, akamweleza. Kondakta akasema basi limekaguliwa Mbeya. Baba akaomba kuongea na dereva. Abiria wakaanza kunung'unika, mmoja akasema wazee wasafirishwe na magari yao. Mbele yetu ulikuwa unakuja mlima Kitonga, na anayeujua mteremko ule anajua kwamba hapo mtu haombi breki mara mbili. Baba akasimama, ameshika kiti kwa mkono mmoja, akasema kwa sauti ile ya zamani ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue:

"Dereva, mimi nimeshuka Kitonga kabla wewe hujazaliwa. Simama Ilula utazame bomba la upepo la nyuma kulia. Kama hakuna kitu, mimi na binti yangu tunashuka, mtuache."

Dereva akamtazama kwenye kioo. Akaendelea kuendesha. Lakini Ilula akasimama, akaingia chini ya basi na tochi ya simu, na alipotoka alikuwa na mafuta kwenye paji la uso. Bomba lilikuwa limechanika, nyuma, upande wa kulia.

Tulikaa pale saa mbili na nusu wakati fundi anatafutwa na bomba linabadilishwa. Wauza nyanya na vitunguu walifurahi sana. Yule abiria aliyesema wazee wasafirishwe na magari yao alimletea Baba mahindi mawili ya kuchoma na soda, akamwamkia shikamoo upya kana kwamba ndiyo wanaonana. Dereva alimwomba Baba ahamie kiti cha mbele kabisa, pembeni yake, na Kitonga nzima nilikuwa naviona visogo viwili vikiinama pamoja kwenye kila kona. Chini, Ruaha Mbuyuni, basi zima likapiga makofi. Baba akainua mkono mmoja tu, kama askofu.

Dar tuliingia tumechelewa na miguu imevimba, tukaenda gesti moja kwa moja. Kabla ya kulala nilitazama simu. Tangazo la kadi yetu halikuwepo tena.

Kariakoo

Joto la Dar lilimshangaza Baba kama tusi. Lakini koti la ngozi hakulivua, alisema ni la kazi. Tuliulizia mpaka tukalipata duka, kichumba kimoja chenye feni na makasha ukutani mpaka darini. Mwenyewe, Faraja, alikuwa kijana mcheshi anayeongea huku anaandika ujumbe. Akasema kadi yetu imeuzwa jana, pole sana, soko linakwenda mbio, ila Mungu si Athumani, anayo nyingine. Akaweka mezani kasha lililofungwa kwa plastiki. Gigabaiti nane, mpya kabisa, laki nne na nusu kwa sababu tumetoka mbali.

Nikamwomba aifungue aichomeke tuione. Akacheka, akasema ukishafungua plastiki umenunua, ndiyo sheria ya Kariakoo nzima. Nilijua ananidanganya na nilijua pia sina pa kwenda. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba.

Faraja akamgeukia Baba, kwa mazungumzo tu, akamuuliza mzee mmetoka mkoa gani.

"Sumbawanga," Baba akasema.

Kidole cha Faraja kikasimama juu ya simu. Mnajua sifa ya uchawi tuliyopewa huko nje, kwamba sisi radi tunazifuga kama kuku. Mimi nilitaka kucheka nimpunguzie hofu. Baba hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye stuli na koti lake, jasho linamtiririka, anamtazama kijana usoni kwa makini. Akamuuliza jina lake kamili. Faraja akalitaja. Baba akatikisa kichwa polepole, akauliza tena, kwa upole kabisa:

"Na mama yako mzazi anaitwa nani?"

Feni ilizunguka. Faraja hakulitaja jina la mama yake. Alichukua kisu, akachana plastiki, akaichomeka kadi kwenye kompyuta yake bila neno. Ilipowaka, kompyuta yenyewe ikatoa siri: gigabaiti nne, na ya kizazi cha zamani mno, iliyobandikwa karatasi mpya. Faraja akasema naye kauziwa hivyo. Labda ni kweli. Kisha, bila kuombwa, akatuandikia kwenye karatasi jengo na ghorofa ya fundi mmoja mwanamke, akasema huyo haongopi, akatusindikiza mpaka mlangoni akimshika Baba kiwiko.

Nje nilimuuliza Baba kwa nini alimuuliza jina la mama yake. Akasema kijana alifanana sana na mama mmoja muuza chakula wa Makambako enzi zile, alitaka kujua kama ni mwanawe. Alisema hivyo akiwa anatazama upande mwingine. Mpaka leo sijui.

Ghorofa ya pili

Fundi Zaituni ni mwenyeji wa Tanga, mwenye miwani aliyoisukuma juu ya mtandio. Chumba chake kilijaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Alimwamkia Baba, akampa kiti chenye mto, akatuagizia maji ya baridi kabla ya kuuliza shida yetu. Kisha aliniuliza maswali ambayo Faraja hakuniuliza hata moja: pawa saplai ya kompyuta yetu, kile kifaa cha kuigawia umeme, ni ya wati ngapi, ndani ya kasha kuna nafasi ya urefu gani. Nilikuwa nimepiga picha za ndani ya kompyuta. Baba akatoa mfukoni kamba ya kiatu aliyoipimia nafasi ile na kuifunga fundo. Zaituni akaipokea kwa mikono miwili, akaitumia kweli.

Alikuwa na kadi mbili za mtumba zinazoingia kwenye fundo. Akasema zote zinafanya kazi, amezijaribu, zinawaka vizuri. Baba akamuuliza alizijaribu kwa muda gani. Akasema dakika tano, kumi.

"Mwanangu, gari halijaribiwi likiwa limeegeshwa," Baba akamwambia. "Lipe mzigo, lipandishe mlima."

Zaituni akacheka, lakini akakubali. Nilikuwa na gemu ile kwenye flashi. Akaipakia kwenye mashine yake, akachomeka kadi ya kwanza. Baba akasogezewa kibodi. Alichagua mzigo mzito kuliko yote, mvua, na njia ya milimani. Picha ilikuwa nzuri mpaka nikahisi tumemaliza. Dakika ya kumi na tano vikaanza kutokea vidoa vidogo vyekundu kwenye lami, kama ulezi uliomwagika, kisha skrini ikawa nyeusi. Zaituni akaigusa kadi akauondoa mkono haraka. Hakujitetea. Aliiweka kwenye boksi la mbovu, akasema angemuuzia mtu kadi ile kwa roho safi, na angelaaniwa.

Ya pili ilikuwa na mkwaruzo ubavuni na feni mbili, moja yenye kelele. Dakika kumi na tano zikapita. Ishirini. Mafundi wa vyumba vya jirani wakaanza kuja kutazama mzee mwenye koti la ngozi anayepandisha lori mlimani kwenye mvua na kuwaeleza kwa nini hakanyagi breki. Nusu saa. Nilikuwa nasali kimya, rozari nzima, nikitazama lami kama kuna kidoa.

Hapo simu ya Zaituni ikaita. Alijibu akiwa amesimama pembeni yangu, nikasikia kila kitu. Mtu wa Mwanza aliitaka kadi hiyohiyo, alikuwa ameona picha yake asubuhi, na alikuwa anataja pesa ambayo mimi sikuwa nayo, laki tano na zaidi. Zaituni alikuwa bado hajatutajia bei. Hakuwa na deni lolote kwetu. Nikainamisha kichwa, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Baba.

"Hapana, kaka," Zaituni akasema kwenye simu. "Hiyo imeshapata mwenyewe. Yuko njiani nayo, anapandisha mlima."

Akakata. Akatutajia laki nne. Nikatoa pesa, nikamhesabia. Baba hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa amefika kileleni, amewasha indiketa ya kushoto, anaegesha. Mafundi wakapiga makofi, naye akaniuliza kwa nini nalia wakati gari limepanda.

Kurudi

Tulishinda Dar siku moja ya ziada ili Baba apumzike. Alikula ngisi kwa mara ya kwanza, akauliza mifupa yake iko wapi.

Safari ya kurudi nitaieleza kwa kifupi kwa sababu furaha haina mengi. Zaituni alikuwa ameifunga kadi kwenye sponji, Baba akaizungushia kofia yake ya sufu, akaipakata njia nzima. Kondakta alimwomba aiweke juu, akakataa. Mama mmoja alimwomba amshikie kuku kidogo, akakataa pia, na Baba si mtu wa kukataa kushika kuku. Kwenye kizuizi kimoja afisa alikifungua kifurushi, akaziona feni mbili, akauliza kama ni mashine ya kukaushia nywele. Baba akavua kitambaa alichojifunga kichwani badala ya kofia kumwonyesha upara wake, na afisa akaturudishia kifurushi akicheka.

Ila jambo moja siwezi kuliacha. Kila tuliposimama nilifungua simu kutazama matangazo, na kila mara kadi za namna ile zilikuwa zimepanda. Morogoro laki nne na themanini. Iringa laki tano. Igawa laki tano na thelathini. Nilikuwa namsomea Baba kwa sauti, naye anaipigapiga kofia polepole kama mtu anayembembeleza mtoto. Tangu nizaliwe bei za dunia zimekuwa zikinikimbia mimi. Safari hii nilikuwa nimekaa dirishani, nimezipita, nazitazama zinahangaika nyuma.

Dukani

Tulifika Sumbawanga Jumatano, na Alhamisi umeme ukakatika mpaka saa nne asubuhi. Uliporudi nilikuwa nimeshafungua kompyuta, nimepangusa vumbi, nimeisukuma kadi mahali pake mpaka ikalia tik. Iliingia kama ilizaliwa humo. Nikafunga skrubu, nikawasha.

Skrini ikabaki nyeusi. Feni zilizunguka, taa ikawaka, skrini nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikaifikiria Kitonga, mashimo ya njiani, na kizuizi kile. Baba alikuwa ameinama nyuma ya meza kwa taabu, ameshika ukingo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba waya wa skrini nimeuchomeka pale pa zamani, ilhali sasa kadi ina tundu lake. Nikauhamisha. Picha ikaja.

Wateja waliokuwepo wanaweza kuwasimulia. Ile barabara ilikuwa na majani kandokando, na majani yalikuwa yanatikisika. Mawingu yalikuwa na vivuli. Lori liliingia mjini, kati ya magari na watu, bila kuruka hata mara moja, na Baba alilipitisha kwenye mzunguko wenye msongamano taratibu kama anapitisha maiti. Wateja wakasogea karibu. Aliendesha mpaka mafuta yalipokaribia kwisha, akaegesha kwenye kituo, akazima injini, akanyoosha vidole.

Miaka yote ile baba yangu akiendesha, hakuwahi kunipandisha kwenye lori zaidi ya kiti cha abiria. Wala mimi sikuwahi kuomba. Siku hiyo alijisukuma na kiti chake pembeni, akavuta stuli yangu, akaiweka mbele ya kibodi.

"Kaa hapa," akaniambia. "Tuanze na kutoka kituoni. Tazama vioo kwanza, vyote viwili."

Nikakaa. Nikatazama vioo, vyote viwili. Nikaligonga lori la watu kabla hatujafika barabarani, na Baba akacheka mpaka akashika mbavu, akasema turudie.